Miaka sita na Kikohozi, miezi miwili na pikipiki ya kisasa: yaliyonikuta kilima cha Lusewa

Wakuu, heshima kwenu. Wazee wa jukwaa shikamooni, vijana poleni na mihangaiko.

Nimesoma ule uzi wa kijana anayesema pikipiki za zamani ni chuma chakavu, zikauzwe kwa kilo. Nimesoma na majibu ya wazee wenzangu wanaomtukana kwamba hajui chuma halisi. Wote mmenichosha. Kurasa tisa mnabishana spidi, unywaji wa mafuta na starehe ya makalio yenu.

Mimi nimeendesha zote mbili, tena kazini, njia ambayo mvua ikinyesha hata punda anafikiria mara mbili. Ninachoandika hapa ni kweli tupu na sitajipamba. Mjinga wa kisa hiki ni mimi mwenyewe, kwa hiyo sina sababu ya kudanganya.

Ni miaka ya tisini mwanzoni. Ruksa ya biashara imeshaingia, Songea imechangamka. Duka ambalo zamani lilikuwa na viberiti na chumvi peke yake, sasa lina redio, sabuni za kunukia na baiskeli za rangi zote.

Mimi ni muuguzi kijana, mtu wa Singida, nimepangiwa kazi huko. Nimepanga chumba Lizaboni. Kazi yangu ni kliniki ya mkoba, yaani kubeba chanjo na mzani, kuwafuata akina mama na watoto vijiji visivyo na zahanati. Kila mwezi natoka Songea naenda mpaka Lusewa, nalala, asubuhi napanda kilima kwenda kijiji kimoja ng'ambo. Jina la kijiji naomba nilihifadhi, maana watu wake bado wapo na wana ndimi kali.

Chombo nilichokabidhiwa kilikuwa pikipiki ya mradi wa zamani, ya miaka ya sabini, zile za kuchanganya petroli na oili kwenye tangi moja. Kule kijijini waliibatiza jina Kikohozi. Ukiisikia mara moja huulizi kwa nini.

Sasa nyie mnaoiita "vintage" kwa sauti ya mahaba, ngoja niwaeleze.

Asubuhi unapiga kiki. Unapiga tena. Unafungua plagi, unaifuta kwa shati, unairudisha, unapiga kiki. Siku mbaya ile kiki inarudi na kukugonga muundi, unabaki unaruka kwa mguu mmoja majirani wanakutazama. Nina kovu mpaka leo, anayetaka picha aje inbox.

Ukichanganya oili ikizidi, inatoa moshi kama tanuri la matofali na plagi inakufa. Ikipungua, injini inashika njiani. Kipimo changu kilikuwa kopo la maziwa, na macho.

Mtetemo wake sasa. Ukifika Namtumbo mikono ina ganzi hadi kiwiko, kushika kikombe cha chai huwezi. Breki ikiloa maji ni ya kuombea dua. Vioo haikuwa navyo. Taa yake ukipunguza mwendo inafifia, kwa hiyo giza likikukuta njiani unatafuta pa kulala.

Lakini lililoniudhi kuliko yote ni kile kilima.

Kikohozi hakikuweza kupanda kilima cha kile kijiji kwa mkupuo mmoja. Kilikuwa kinafika chini ya kilima pale penye kijito, kinakohoa, kinapiga mlio kama bunduki mara tatu nne, kinazimika. Imepata moto hiyo. Utake usitake, unakaa juu ya jiwe nusu saa unasubiri ipoe.

Miaka sita, kila mwezi, nimekaa juu ya lile jiwe nikitafuna muhogo wa kuchoma na kuilaani serikali. Kisha napiga kiki, kinawaka kwa kelele za kufukuza nyani, napanda.

Nikifika juu, kwenye baraza la ghala la chama cha ushirika, akina mama wote wamekaa. Watoto wameoshwa, kadi mkononi, wengine wana maji ya mtoni bado kwenye nywele. Natundika mzani, napima, nachanja, natoa somo la uji wa lishe, naondoka.

Hapo sasa nilivyokuwa natamba! Mahudhurio ya kijiji changu yalikuwa yanawazidi wote. Bosi wangu, Sista Komba, mama mnene asiyecheka hovyo, alinisifu mbele ya kikao. Nami nikasimama nikasema siri ni somo la afya, kwamba ukiwaelimisha vizuri wananchi wanajali muda.

Wakuu, nilisema hivyo. Mbele za watu.

Haya. Mwaka wa sita wafadhili wakaleta pikipiki mpya. Nne tu kwa mkoa mzima. Niliandika barua ya maombi, nikaandika ya pili, nikamsindikiza Sista Komba sokoni nikimbebea kikapu. Nikapata moja.

Kikohozi kikauzwa kwa zabuni kama mali chakavu. Akakinunua Mzee Haule, muuza dagaa wa Nyasa pale pale Lizaboni. Siku anakichukua nilicheka. Nilimwambia, "Mzee, hicho kitakuzeesha."

Akanijibu, "Nishazeeka mwanangu, kitanikuta hapahapa."

Kuhusu ile mpya sina la kuficha. Ilikuwa raha. Unabonyeza kitufe kwa dole gumba, inawaka. Huchanganyi oili. Ukiwa umesimama inanguruma taratibu kama cherehani ya fundi mwangalifu, mpaka unasahau kuizima. Shokapu zinameza mashimo. Breki ya mbele ukiigusa tu inasimama. Indiketa zipo, ingawa kule ukiwasha watu walidhani imeharibika. Na vioo viwili, safi, havitetemeki. Nilikuwa natazama nyuma bila sababu yoyote, kwa raha tu ya kuona vumbi langu.

Kijana wa ule uzi, hapa niko na wewe asilimia mia. Kuiendesha pikipiki ya kisasa baada ya ile ya zamani ni sawa na kuvuliwa kiatu kinachobana.

Safari ya kwanza nayo nikafika chini ya kilima, nikalipita lile jiwe bila hata kuligeukia, gia ya tatu, juu. Nikatema mate upande wa jiwe.

Nikafika barazani. Hakuna mtu.

Kuku wawili, na mzee Mwenyekiti anasuka mkeka. Nikamwamkia, shikamoo mzee, marahaba, akina mama wako wapi? Akasema, "Watakuja, dokta. Wako mabondeni kwenye mpunga."

Nikasubiri. Natazama saa, natazama boksi la chanjo. Wasiojua, chanjo inakaa kwenye barafu, na barafu ya kutoka Songea haina subira. Halafu nilikuwa na kijiji kingine mchana. Baada ya nusu saa nikafunga mzani nikaondoka kwa hasira. Kwenye ripoti nikaandika: mwitikio hafifu.

Mwezi wa pili, vilevile. Na safari hii nilishawaandikia tarehe kwenye kadi kwa wino mwekundu! Nimefika tarehe ileile, saa ileile. Kuku na Mwenyekiti.

Nikamfokea yule mzee, Mungu anisamehe. Nikamwambia watu wake wamelewa ruksa, wanajua kufuata mitumba mnadani lakini watoto wao hawawajali. Akaacha kusuka. Akasema, "Kaa kidogo, baba. Wanakuja." Nikamwambia barafu haijui kidogo.

Nikabonyeza kitufe, nikaondoka.

Naomba hapa mnisome taratibu.

Nikiwa nateremka, nikatazama kioo cha kulia. Nyuma kabisa, juu ya njia, nikaona mwanamke ana mtoto mgongoni, amenyoosha mkono anapunga. Nikafikiri, aa, huyu ananiaga. Watu wa huku wana adabu jamani, hata uwafokee wanakuaga.

Nikampungia mkono. Nikapiga na honi kidogo.

Nikaenda zangu.

Songea, Sista Komba akasoma ripoti. Miezi miwili watoto sifuri. Akasema kile kijiji kitolewe kwenye ratiba, petroli iende kwenye watu wanaoitaka huduma. Na mimi, wakuu, sikubisha hata kidogo. Nilisema, "Umeamua vizuri, Sista." Pikipiki yangu akapewa mwenzangu wa Mbinga, mimi nikapangwa chumba cha sindano.

(Samahani, umeme ulikatika hapa nilipo. Umerudi, naendelea. Tozo tunalipa, umeme hatuna, tuliache hilo.)

Haikuisha wiki tatu, habari zikaja. Surua imeingia vijiji vya upande wa Tunduru, na inasogea kuja Lusewa. Vijana wa sasa surua mnaisikia redioni tu. Sisi tuliiona. Inaingia nyumba kwa nyumba, na mtoto asiyechanjwa, hasa mwenye utapiamlo, unamwangalia tu anavyokwenda.

Sista Komba akaniita. Hakukaa kwenye kiti. Akasema, "Kile kijiji tulichokifuta, watoto wote waliotimiza miezi tisa katika miezi hii mitatu hawana sindano. Nenda leo."

Nikamuuliza, niende na nini? Ile mpya iko Mbinga. Gari la idara liko juu ya mawe. Akatazama dirishani, upande wa Lizaboni. Nikajua pa kwenda.

Nikaenda kwa Mzee Haule nikiwa nimeinamisha shingo. Kikohozi kipo nyuma ya nyumba kimefungwa tenga, kinanuka dagaa mpaka kwenye matairi. Na exozi yake alishaikata! Eti inabana upepo.

Nikamwamkia, nikamweleza. Mzee hakunicheka, na hilo liliniuma zaidi. Akafungua tenga, akanipa na plagi ya akiba. Akasema, "Hiyo, staha yake ni hii: usimtukane anapochoka."

Nilimtukana tangu Lizaboni mpaka Lusewa.

Kiki, muundi, moshi, ganzi, yote yalikuwa pale yananisubiri, na sasa bila exozi masikio yalikuwa yanalia filimbi. Mgongo uliozoea shokapu za kisasa ukaniambia maneno. Hapa ndipo nawaambia nyie wazee wenzangu mnaosifia: uongo mtupu. Hamjairudia. Mnakumbuka ujana wenu, hamkumbuki pikipiki.

Nililala Lusewa. Asubuhi nikafika chini ya kilima. Kikohozi kikakohoa, kikapiga mabomu yake, kikazimika mbele ya jiwe lilelile.

Nilitaka kulia. Nina boksi la chanjo mgongoni, surua inatembea, na mimi nimekaa juu ya jiwe kama miaka yote. Nafungua boksi, nagusa barafu, nafunga. Nikasema moyoni, na huko juu nitakuta kuku wawili, maana leo hata tarehe hawajui, hakuna aliyewaambia nakuja.

Kikapoa. Nikapiga kiki, nikapanda.

Wakuu, baraza lilikuwa limejaa.

Akina mama wamekaa mpaka kwenye ngazi za ghala. Watoto wameoshwa. Kadi mkononi. Maji ya mtoni kwenye nywele. Sikuzima injini, nilibaki nimeikalia nikiwatazama.

Nikauliza, "Nani kawaambia nakuja leo?"

Wakatazamana. Akasimama mmoja, mwembamba, mtoto kifuani. Tulikuwa tunamwita Mama Shabani, na Shabani mwenyewe ndiye huyo kifuani. Mtoto wake wa kwanza alikufa kwa surua kabla mimi sijafika mkoa ule. Hilo nililijua, liko kwenye kadi, niliandika kwa mkono wangu.

Akasema, "Umetuambia mwenyewe, dokta. Huyo hapo uliyemkalia."

Akanieleza, na alikuwa haongei kwa upole.

Mabonde ya mpunga yako mbali, mwendo wa nusu saa kupanda. Wao hawakai kijijini kusubiri. Kikohozi kikifika kijitoni na kupiga yale mabomu, sauti inapita bondeni kote. Hapo wanaacha majembe, wanawaosha watoto mtoni, wanafunga khanga, wanaanza kupanda. Wakati mimi nimekaa juu ya jiwe nasubiri injini ipoe, wao wako njiani. Kikiwaka tena, wanajua wamebakiza kidogo, wanakaza mwendo. Mimi nikitokea, wao wamekaa.

Nikasema, lakini tarehe niliwaandikia! Kwa wino mwekundu!

Wakacheka wote. Kicheko kile sikisahau.

"Tarehe yako?" akasema Mama Shabani. "Miaka sita unaandika tarehe kumi unakuja kumi na tatu. Unaandika tano, unakuja nane, unasema plagi, unasema cheni. Sisi tarehe yako tuliiacha zamani. Tunashika sauti."

Mama mwingine akadakia kwamba hilo lipya lilipokuja, waume zao walioliona waliingia porini, maana pikipiki mpya enzi zile ilimaanisha watoza kodi ya maendeleo. Wakacheka tena.

Mama Shabani hakucheka.

Akasema, "Mwezi ule wa pili mtoto wa jirani alikuona, akaja mbio bondeni kutuambia. Mimi nilikimbia. Nimepanda kilima kile na mtoto mgongoni sijanawa hata miguu. Nikakuona unashuka. Nikakuita. Nikapunga mkono."

Akanyanyua mkono, akanionyesha.

"Ukanipungia. Wallahi, dokta, ukanipungia na mkono."

Niliinama nikajifanya nafungua boksi. Mwenyekiti alikuwa pembeni na mkeka wake, hakusema nilikwambia, na angeweza.

Nilichanja mpaka chupa zikaisha. Shabani alikuwa wa kwanza. Alilia kwa nguvu, mama yake akasema alhamdulillahi, akakaa chini palepale. Hakuniaga siku ile.

Surua ilifika kile kijiji baada ya wiki mbili. Iliingia nyumba zile ambazo mabonde yao yako upande wa pili, walikochelewa kusikia. Watoto wawili walikufa. Nyumba ya Mama Shabani iliipita.

Wale wawili, mnasikia? Ni wa miezi ile miwili niliyoandika mwitikio hafifu. Nilikuwa na chanjo kwenye boksi, niko mlangoni kwao, nikaangalia saa.

Niliporudishiwa ile mpya, jambo la kwanza nilikwenda kwa fundi Lizaboni nikamwambia atoe moyo wa exozi, ipige kelele. Sista Komba aliisikia kutoka ofisini akatoka nje amefura. Wagonjwa wanalala, mali ya umma hiyo, nani kakutuma! Nikairudisha siku hiyohiyo.

Ikabaki njia moja tu. Kwa miaka minne iliyofuata, kila mwezi nilifika chini ya kile kilima na pikipiki nzima, ya kisasa, isiyochoka, nikaizima. Napiga debe la mafuta kwa jiwe mara kumi, kwa nguvu zote. Kisha nakaa juu ya jiwe langu nusu saa natafuna muhogo. Wapita njia waliniuliza kama imeharibika. Nilichoka kueleza, nikawa nasema ndiyo.

Kwa hiyo kijana wa ule uzi: ya kisasa ni bora. Inakimbia, inasikia breki, haikuvunji muundi. Ukinipa pesa leo nitanunua ya kisasa. Nyie wazee wa chuma: Kikohozi kilikuwa balaa, na sitakiendesha tena hata kwa zawadi.

Ila nilipokuwa nalinganisha hizi mbili, nilizilinganisha nikiwa nimekaa juu yake. Sikuwahi kujiuliza aliyeko bondeni anasikia nini. Hilo ndilo somo langu, na nililipata kwa bei ambayo hata sikuilipa mimi.

Niko Songea bado, nimestaafu, nina pikipiki ndogo ya kwendea sokoni. Mtu akipunga mkono kwenye kioo, nasimama. Mara nyingi ni mtu anamuaga jirani yake tu, ananishangaa huyu mzee anataka nini. Namwuliza, "Uliniita?" Akisema hapana, naondoka.

Waliowahi kupita njia ya Lusewa miaka ile njooni mnisahihishe. Na wewe uliyewahi kumwacha mtu nyuma ukidhani anakuaga, usiogope, andika. Nitasoma yote, hata matusi nimeyaandalia nafasi.